Bora Kufungwa Kumi na Nane

Mimi ni shabiki wa mpira wa magongo na kwetu ni Garissa. Anayeujua mji huu ataanza kucheka hapo hapo. Hapa watu ni wa kandanda. Vijana huupiga mpira mchangani tangu jua la alasiri lipoe hadi adhana ya magharibi, na usiku vibanda vinavyoonyesha mechi za Uingereza hufurika. Magongo hayana kibanda. Nikikaa na wenzangu kwa chai ya maziwa, wao wakivutana juu ya Arsenal na Manchester United, mimi hungoja wapumue kisha nawatupia swali la Barcelona mwaka 1971. "Mwalimu ameanza," husema, na mmoja huagiza chai nyingine kwa sababu anajua nitakawia.

Nimefundisha sekondari za huku hadi nikastaafu. Mapenzi haya yaliniingia mwaka 1987, nikiwa kijana chuoni, Nairobi ilipoandaa Michezo ya Afrika. Kila mtu alitaka kwenda Kasarani. Mimi nikaishia City Park, ambako uwanja wa nyasi bandia ulikuwa umetandikwa kwa ajili ya michezo hiyo. Sikuwa nimewahi kuona mpira ukienda kasi namna ile bila kuruka wala kupinda. Harambee Stars walifungwa na Misri 1-0 katika fainali ya kandanda na nchi nzima ikanuna, lakini mimi nilirudi nyumbani na dhahabu yangu, kwani timu ya magongo ya Kenya ilikuwa bingwa wa Afrika.

Kwa ambaye hajauona mchezo wenyewe: ni timu mbili za watu kumi na mmoja, robo nne za dakika kumi na tano, na mpira mgumu wa gramu 160 hivi. Gongo limepinda mwisho kama hangool, ile fimbo ya wafugaji yenye ndoano ya kukokota matawi ya miiba wakati wa kuzungushia boma. Lina uso bapa upande wa kushoto tu, na mgongo wake wa mviringo hauruhusiwi kupigia mpira. Ndiyo maana mchezaji stadi huligeuzageuza gongo mkononi bila kupumzika. Bao halihesabiki mpaka mshambuliaji awe ameugusa mpira ndani ya nusu duara iliyo mbele ya goli. Huwezi kubahatisha kutoka katikati ya uwanja, lazima uingie.

Ni mchezo wa adabu nyingi na ugomvi mwingi vilevile. Baada ya kuufuatilia ugomvi huo kwa muda mrefu nimefika mahali pamoja: magongo hayajaumizwa na waliofungwa, wala na waliogombana uwanjani. Yameumizwa na wasiokuja.

Sharti la Mombasa

Uhasama mkubwa kuliko wote katika mchezo huu ni wa India na Pakistan. India ilitwaa dhahabu ya Olimpiki mara sita mfululizo, kuanzia Amsterdam 1928 hadi Melbourne 1956. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1947, nchi ikagawanywa, na watu waliokuwa wakipeana pasi wakajikuta chini ya bendera mbili. Roma 1960 Pakistan iliukata utawala huo kwa kushinda fainali 1-0. Tokyo 1964 India ikalipa kwa 1-0 hiyohiyo.

Mambo hayo yalitufikia huku mapema. Desemba 1947, miezi michache tu baada ya nchi kugawanywa, timu ya India iliteremka bandarini Mombasa kwa ziara ya Afrika Mashariki. Chama cha michezo cha Waasia wa huku, waliowaalika, kilikuwa kimeweka sharti moja: bila Dhyan Chand, timu isije. Dhyan Chand ndiye aliyekuwa nahodha Berlin mwaka 1936, India ilipoifunga Ujerumani 8-1 katika fainali. Sasa alikuwa amevuka miaka arobaini na magoti yamechoka. Akaja. India ilishinda mechi zote za ziara, na mzee huyo akafunga mabao 61 katika mechi 22.

Hebu lipime sharti lile. Wenyeji walijua wazi kwamba watafungwa. Hawakuomba timu nyepesi, wala hawakuomba huruma. Waliomba kufungwa na bora wa dunia, na ana kwa ana. Miaka tisa baadaye Kenya ilikuwa Melbourne kwenye Olimpiki yake ya kwanza ikamaliza ya kumi. Roma ikawa ya saba, Tokyo ikawa ya sita.

Kikosi hicho kilikuwa cha Wakenya wenye asili ya Asia, Masingasinga na Wagoa hasa. Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972, tatu kati ya hizo akiwa nahodha. Alikuwapo Surjeet Singh Panesar, na alikuwapo Hilary Fernandes. Ziara za India na Pakistan zikawa jambo la kawaida Nairobi, na mashabiki wa City Park waliweza kuwashangilia wageni asubuhi na kuwazomea jioni. Uhasama wa watu wengine ukawa shule yetu.

Barcelona, au kisa cha chai yangu

Kombe la Dunia la kwanza la magongo lilipangwa kuchezwa Lahore mwaka 1971. Pakistan ndiyo iliyolitoa wazo lenyewe. Lakini tangu Machi mwaka huo vita vya Bangladesh vilikuwa vimewaka, na ndani ya Pakistan zikapanda sauti kali kwamba timu ya India isikanyage ardhi yao. Shirikisho la dunia likaona moto, likahamishia mashindano Barcelona mwezi wa Oktoba.

Kenya ilikwenda. Ikavuka hatua ya makundi na kuingia nusu fainali, ikakutana na Hispania mbele ya mashabiki wake, ikafungwa 1-0. Katika mechi ya mshindi wa tatu ilikutana na India na kupoteza 2-1 katika muda wa nyongeza. Ya nne duniani. Ujerumani Magharibi, ambayo ilimaliza ya tano nyuma yetu, mwaka uliofuata ilitwaa dhahabu ya Olimpiki.

Sasa swali langu la kibandani ni hili. Hispania ilikuwa mwenyeji kwa sababu moja tu, kwamba India na Pakistan hazikuweza kukaa Lahore pamoja. Bao moja ndilo lililotutenganisha na fainali. Kama mechi ile ingechezwa Lahore, Hispania ikiwa mgeni kama sisi, je? Wenzangu husema nimezidisha. Ndiyo, nimezidisha. Shabiki asiyezidisha ni mtazamaji.

Watu wengi wanaopenda visa vya magongo hukimbilia Munich 1972. Pakistan ilifungwa na Ujerumani Magharibi 1-0 katika fainali na ikaamini kwamba waamuzi wameiibia. Wakati wa kuvishwa medali wachezaji wake waliigeuzia mgongo bendera ya mshindi, mmoja akaitundika medali yake kwenye kiatu, na rais wa shirikisho la dunia, Mbelgiji Rene Frank, akamwagiwa maji. Wakafungiwa maisha. Ilikuwa aibu, na mwanafunzi wangu angefanya hivyo angekiona. Hata hivyo adhabu ile ilikuja kuondolewa, na Montreal 1976 Pakistan ilikuwa tena jukwaani na medali ya shaba. Walioudhiana uwanjani walisuluhishwa kwa sababu wote walikuwapo.

Viti vitupu

Sisi Montreal hatukuwapo. Katikati ya mwaka 1976, timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini ya makaburu, damu ya watoto wa Soweto ikiwa bado mbichi. Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki. Kamati ya Olimpiki ikakataa, ikisema raga si mchezo wa Olimpiki. Nchi zaidi ya ishirini zikafunga virago, Kenya na Tanzania zikiwamo. Ulimwengu ukaikosa mbio iliyokuwa ikingojewa kuliko zote, ya mita 1500 kati ya Filbert Bayi wa Tanzania na John Walker wa New Zealand. Walker akaichukua dhahabu bila Bayi.

Na magongo? Huo ndio mwaka ambao Olimpiki ilitumia nyasi bandia kwa mara ya kwanza. Mchezo wote ulibadilika siku hizo: mpira ukawa wa kasi, mapafu yakawa muhimu kuliko vidole, na nchi zenye fedha za kutandika viwanja hivyo zikaanza kuzipita zile zilizokulia kwenye majani. Aliyekuwa Montreal alijifunza kwa macho yake. Sisi tulisoma gazetini. Bingwa wa magongo mwaka ule alikuwa New Zealand, nchi ileile tuliyoondoka kwa sababu yake.

Nilipokuwa nikisimulia hayo, kijana mmoja wa bodaboda alinigeukia kwa heshima ya mtu na ami yake. "Adeer," akasema, "kwa hiyo tungekaa tu, tucheze na marafiki wa makaburu?"

La. Kutokuja kule kulikuwa na maana. Mwaka uliofuata nchi za Jumuiya ya Madola zilikutana Gleneagles na kukubaliana kupinga uhusiano wa kimichezo na Afrika Kusini, na kuanzia hapo serikali ya makaburu ilizidi kubanwa michezoni. Lakini deni lililolipwa kwa haki bado ni deni lililolipwa, na sisi tulilipa kwa kizazi kizima cha wachezaji. Nataka lihesabiwe, basi.

Ya mwaka 1980 ni magumu zaidi kuyatetea. Wasovieti walikuwa wameingia Afghanistan, na Rais Jimmy Carter wa Marekani akataka Olimpiki ya Moscow isusiwe. Alimtuma Muhammad Ali Afrika kutushawishi. Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere alikataa kumpokea. Nairobi alipokewa vizuri na Kenya ikasusia. Kwa hiyo majirani wawili walishika njia mbili, na katika magongo njia hizo zinaonekana wazi.

Tanzania ilikwenda Moscow na timu ya magongo ya wanaume. India iliifunga 18-0. Rudia kuisoma: kumi na nane kwa sifuri. Tanzania ilimaliza ya mwisho kati ya timu sita. Kenya, iliyokuwa ya nne duniani miaka tisa kabla, ilibaki nyumbani bila kufungwa hata bao moja. Nimewauliza wengi: ungependa kuwa kipa wa Tanzania siku ile, au kipa wa Kenya aliyelala kwake? Kibandani kura huwa za Kenya. Yangu ni ya Tanzania. Yule kipa angeweza kumwambia mjukuu wake kwamba alisimama mbele ya mabingwa wa Olimpiki, kwani India ndiyo iliyotwaa dhahabu mwaka ule. Mwenzake wa Nairobi angesimulia nini?

Mashindano hayohayo yalikuwa na kisa kingine. Magongo ya wanawake yalichezwa kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa nchi nyingi zilisusia, Zimbabwe, iliyopata uhuru Aprili mwaka uleule, ikaitwa wiki chache tu kabla ya michezo kujaza nafasi. Wanawake kumi na sita, wote weupe, wakaiwakilisha nchi ya Waafrika na kurudi na dhahabu bila kufungwa mechi hata moja. Inasimuliwa kwamba waliahidiwa ng'ombe kila mmoja na hatimaye wakapewa furushi la nyama. Kwetu Garissa ahadi ya mnyama si mzaha. Hapo wangehitaji baraza la wazee. Ila ng'ombe pembeni, walitwaa dhahabu kwa sababu waliitwa wakaja.

Kenya ilirudi Los Angeles 1984 ikawa ya tisa, na Seoul 1988 ikawa ya kumi na mbili. Hapakuwa na Olimpiki nyingine kwa timu yetu ya magongo. Nyasi na susio hazikufanya kazi hiyo peke yake. Sheria za uhamiaji na leseni za biashara za mwaka 1967 ziliwafanya Waasia wengi wasio na uraia wa Kenya kuhamia Uingereza na Kanada, na mchezo ukaondokewa na watu waliousukuma. Wapo waliobaki. Avtar Singh Sohal alibaki na akaendelea kufundisha. Na siku hizi magongo yamehamia shule za Magharibi na Bonde la Ufa, ambako Friends School Kamusinga na St Anthony's ya Kitale hukamiana kama India na Pakistan. Lakini huwezi kuondoa nusu ya uwanja kisha ukashangaa mbona pasi hazifiki.

Kisa kinachonikera kuliko vyote ni cha juzi. Afrika Kusini ilishinda mashindano ya kufuzu ya Afrika kwa ajili ya Rio 2016, wanaume na wanawake. Kamati yake ya Olimpiki ikasema kuwa bingwa wa Afrika hakutoshi. Viwango vya Afrika viko chini, kwa hiyo timu hazitakwenda. Nafasi ya wanawake ikapewa Hispania. Ya wanaume ikapewa New Zealand. New Zealand tena! Afrika nzima haikuwa na timu ya magongo Rio. Safari hii hapakuwa na kaburu wa kupingwa wala nchi iliyovamiwa ya kutetewa. Mtu alikaa ofisini akaamua kwamba kuliko wafungwe, wasiende.

Pointi za mezani

Sisi wa Kaskazini Mashariki tunaujua uamuzi huo. Mkoa huu uliishi chini ya sheria za hali ya hatari hadi 1991, na kwa miaka mingi dereva akitoka huku akifika Nairobi alisema amekwenda Kenya. Aprili 2015 wavamizi waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, nao walimu na wafanyakazi wengi kutoka mikoa mingine wakaondoka. Siwalaumu, mwenye hofu ya roho yake haombwi ushujaa na mtu aliyeketi kwao.

Ila nitasema nilichokiona. Kwa miaka kadhaa nililea timu ya magongo shuleni. Mchanga wa Garissa haupitishi mpira, kwa hiyo tulifanyia mazoezi kwenye saruji ya uwanja wa basketi. Magongo halisi yalikuwa machache. Mengine tuliyachonga kwa miti ya mathenge, ambayo huku haiishi hata ukitaka iishe. Kipa alijikinga miguu kwa vipande vya godoro. Wasichana walicheza na hijabu zao na suruali ndefu, na kati yao alikuwapo kiungo wa kati ambaye ningempeleka popote duniani. Siku moja timu kutoka nje ya mkoa ilikuwa ije. Wachezaji wangu wakavaa, wakapasha misuli, wakakaa kivulini. Mchana ukaja ujumbe kwamba wageni hawatakuja, na sisi tumehesabiwa washindi.

Yule kiungo akaniuliza, "Mwalimu, tumeshinda ngapi?" Nikamwambia kanuni zinavyosema. Akavua viatu akaenda zake. Sijapata kuona mtu aliyeshinda akiwa na uso ule.

Pointi za mezani hazimfundishi mtu kitu. Hazikuonyeshi kwamba unachelewa kurudi nyuma, wala kwamba gongo lako liko juu mno. Timu isiyofungwa kwa sababu haina mpinzani hudumaa kama mche wa kivulini, na siku ikitoka nje huaibika, kisha watu husema watu wa mkoa fulani hawana kipaji.

Ndiyo maana nawapenda vijana wa Borlänge. Hao ni Wasomali wa mji mmoja mdogo wa Sweden, wengine wakiwa na ndugu huku kwetu. Mwaka 2013 walianzisha timu ya taifa ya Somalia ya bandi, mchezo wa magongo wa juu ya barafu unaochezwa na watu kumi na mmoja kwenye uwanja mkubwa kama wa kandanda, kwa mpira mdogo badala ya kile kisahani cha hoki ya barafu. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuvaa viatu vya kuteleza. Kocha akawa Per Fosshaug, nyota wa zamani wa Sweden. Mapema mwaka 2014 walikuwa Irkutsk, Siberia, kwenye mashindano ya dunia. Walifungwa mechi zote, tena kwa mabao mengi. Waswidi wakawatengenezea filamu, dunia ikacheka kidogo na kupiga makofi. Na miaka iliyofuata walirudi tena. Hilo la kurudi ndilo linalonishika mimi.

Hata Nairobi kuna mfano. Timu ya hoki ya barafu ya Kenya, Ice Lions, ilizaliwa kwenye kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli moja ya Mombasa Road, ikiwa haina wa kucheza naye. Mwaka 2018 ikasafirishwa hadi Kanada kupata mechi, na ikacheza bega kwa bega na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la dunia la mchezo huo. Kama nchi ya jua inaweza kutafuta mpinzani hadi kwenye barafu, kutoka Nairobi hadi Garissa si kitu: kilomita kama 370, lami tupu kupitia Thika na Mwingi.

Kwa hiyo nina neno kwa vilabu vya Nairobi vinavyolalamika kila msimu kwamba magongo yanakufa. Hamhitaji kutujengea uwanja wa nyasi bandia kwanza. Hata wenu wa City Park unawatoa jasho kuutunza. Njooni na timu ya akiba na magongo mliyoyachoka. Tutacheza kwenye saruji, sheria ni zilezile. Mtatufunga, hilo nalikubali kabla hamjapanda basi. Tufungeni hata kumi na nane, kisha kaeni mle pilau ya mbuzi nasi, na kabla hamjaondoka mtuandikie tarehe ya marudiano.